Kipepeo wa Bicyclus na nzi mdogo wa matunda

Kipepeo Bicyclus anynana na nzi mdogo wa matunda, Drosophila melanogaster, ni wadudu wenye asili ya Afrika ambao hula tunda lile lile lililooza. Vipepeo wa jenasi ya Bicyclus, yenye spishi zaidi ya 80, hupenda vivuli vya misitu na vichaka vya Afrika ya tropiki. Nzi hufuata watu hadi jikoni. Mjini Rumonge, Burundi, penye ndizi zilizoiva kupita kiasi au pombe ya ndizi, hakosekani. Asichanganywe na nzi mkubwa zaidi anayetoboa embe likiwa bado mtini.

Umbo
Kipepeo ana mabawa manne ya kahawia yenye magamba na madoa mfano wa macho. Akiyakunjua hufikia takriban sm 4. Hutembea kwa miguu minne, kwani miwili ya mbele imedumaa. Nzi ana urefu wa mm 3 hivi, macho mekundu na mabawa mawili. Mahali pa mabawa ya nyuma pana virungu vidogo vya kusawazishia mruko.

Uzazi
Nzi hutaga ndani ya tunda lenyewe, na kwenye joto la sentigredi 25 yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Kipepeo hunyonya tunda kwa mrija wake, kisha huenda kutaga kwenye nyasi, chakula cha viwavi. Ukuaji wake huchukua takriban mwezi. Kwa nzi, jike ni XX na dume XY. Kwa kipepeo, jike ni ZW na dume ZZ.

Jeni na majira
Jeni iitwayo Distal-less huongoza ukuaji wa miguu kwa nzi. Kwa kipepeo hushiriki pia kuchora madoa ya mabawa. Kiwavi akikulia kwenye joto, madoa huwa makubwa. Kwenye baridi huwa madogo, na kipepeo hufanana na majani makavu ya kiangazi. Majaribio mengi yametumia kizazi cha vipepeo waliokusanywa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988. Rumonge iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, ambako masika na kiangazi hutofautiana zaidi kwa mvua kuliko kwa joto. Kwa hiyo matokeo ya majaribio hayo hayafai kuhamishiwa huko bila kupimwa upya.