Unafanya kazi kiwandani Bariadi? Jua haya kabla ya kuingia chama cha wafanyakazi

Msimu wa pamba ukianza, viwanda vya kuchambua pamba mkoani Simiyu huchukua vibarua. Wapo wanaokiogopa chama wakidhani bosi atawatimua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi:

1. Kujiunga ni haki yako. Mwajiri haruhusiwi kukubagua wala kukufukuza kisa chama. Wa viwandani huingia TUICO, wa mashambani TPAWU.

2. Ada inakatwa ukishasaini fomu. Ila chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi kinaweza kukubaliana na mwajiri hata wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala. Kwa hiyo soma salary slip yako.

3. Kutoka unaruhusiwa. Andika barua kwa mwajiri na kwa chama, ukitoa taarifa ya mwezi mmoja.

4. Usitarajie miujiza. Mshahara haupandi kesho yake. Kazi ya chama ni kujadiliana mkataba wa hali bora na kusimama nawe ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu.

5. Ukifukuzwa, hesabu siku. Una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Wengi hukosa haki kwa kusubiri bosi apoe.

Tunza mkataba, kitambulisho cha kazi na karatasi za malipo. Bila hivyo, hata chama kitahangaika kukutetea.