Mshahara na Shamba: Historia ya Matarajio ya Vijana wa Chanika

Chanika, kata iliyo zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, ng'ambo ya vilima vya Pugu, ni mahali panapofaa kuchunguza jinsi vijana wa Tanzania walivyofundishwa kutarajia mafanikio ya aina moja na kukutana na kazi za aina nyingine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 eneo hili, ambalo leo limo katika Jiji la Dar es Salaam lililokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021, lilikuwa mashamba ya Wazaramo yenye mihogo, mikorosho, minazi na miembe, na mpunga mabondeni, na mazao yake yaliuzwa mjini. Mji haukuwa mbali kiasi cha kusahaulika wala karibu kiasi cha kumpatia kila mtu kazi, na kwa hiyo kizazi baada ya kizazi kijana wa huku alikua akiambiwa na wazazi, walimu na watawala kwamba maendeleo ni kuliacha shamba na kuufikia mshahara. Makala haya yanafuatilia ahadi hiyo ilikotoka, kwa hoja kwamba ilikuwa mapatano halisi yaliyodumu kwa muda mfupi, na kwamba hata katika muda huo yalitegemezwa na shamba ambalo simulizi za mafanikio hazikulitaja.

Kazi ya mshahara iliingia Uzaramo kwa mlango wa kodi. Serikali ya Kijerumani ilipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, wakulima walilazimika ama kuuza mazao zaidi ama kuuza nguvu zao, na Wazaramo, ambao soko la mji lilikuwa jirani nao, kwa kawaida walipendelea kuuza mazao, uamuzi wa busara uliowafanya waajiri wa kikoloni wawaite wavivu. Chini ya Waingereza vibarua wengi waliajiriwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi ambayo msimamizi aliitia alama kila mtu alipomaliza kazi aliyopangiwa kwa siku, na malipo yalisubiri nafasi zote zijae. Aliyeugua akiwa na alama 22 mara nyingi ilimbidi angoje mpaka apone na kurudi kuzijaza nane zilizobaki. Kwa mtu mwenye shamba lake, kazi ya namna hiyo ilikuwa njia ya kupata fedha ya kodi, nguo na mahari, na hakuna aliyeiona kuwa mafanikio.

Mafanikio yalikuwa ukarani. Tangu shule ya serikali ya Tanga ilipoanza kufundisha vijana wa pwani mwanzoni mwa miaka ya 1890, aliyejua kusoma na kuandika aliweza kuwa karani, mwalimu au akida, na mshahara wake ulikuwa wa mwezi, usiotegemea kadi wala alama. Shule zilikuwa chache mno, hivyo waliofika madarasa ya juu walikuta nafasi zikiwasubiri, na uhusiano huu kati ya darasa na ofisi ulionekana kwa macho katika njia ile ile inayoelekea Chanika. Wamisionari Wabenediktini walikuwa wamefungua misheni Pugu mwaka 1888, ikashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na baadaye vilima hivyo vikawa makao ya shule ya sekondari ya Mtakatifu Fransisko, moja ya shule chache zilizowafikisha Waafrika wa Tanganyika kwenye elimu ya sekondari. Julius Nyerere alifundisha hapo baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwaka 1952 hadi alipojiuzulu Machi 1955 ili aifanye kazi ya TANU, chama kilichodai uhuru, na kitendo hicho cha kuuacha mshahara wa uhakika kilikuwa na uzito kwa watu wa wakati ule kwa sababu walijua ualimu wa sekondari ulimaanisha nini kwa Mwafrika. Wakati huo huo vijana waliofika mjini bila cheti na bila kazi waliitwa wahuni, neno la kiutawala lililomaanisha mtu asiye na ajira inayotambulika, na katika miaka ya 1940 na 1950 walikamatwa katika misako na kurudishwa vijijini.

Uhuru uliongeza kasi ya mapatano hayo ya darasa na ofisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria, katika nchi iliyohitaji mara moja madaktari, wahandisi, mahakimu na maofisa wa kushika nafasi za Wazungu. Mpango wa miaka mitano ulioanza mwaka 1964 uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wake ifikapo mwaka 1980, na kwa hiyo serikali ilimsomesha mwanafunzi kwa gharama yake, ikimtaka aitumikie baada ya masomo. Mhitimu hakutafuta kazi, alipangiwa. Jina lake lilitoka katika orodha pamoja na kituo na cheo, na jamaa zake walijua ameshafika. Ni muhimu kulielewa jambo hili bila kulidharau, kwa sababu kijana wa miaka ile aliyetarajia ofisi, nyumba ya serikali na pensheni alikuwa anasoma kwa usahihi hali iliyokuwa mbele ya macho yake.

Mgongano wa kwanza mkubwa ulitokea tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo na sekondari ya juu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, kwa miaka miwili, wakianza na miezi ya kambini kisha wakifanya kazi zao huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho, na bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu 400 kati yao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurejea masomoni mwaka uliofuata. Tukio hili kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha wasomi wachoyo waliotiwa adabu, na bila shaka bango lile lilikuwa la aibu, lakini usimuliaji huo unaficha kiini cha suala: serikali iliyowaahidi vijana nafasi za waliokuwa mabwana, pamoja na mishahara iliyopangwa kwa ajili ya mabwana hao, ilikuwa imegundua kwamba nchi maskini haiwezi kuwalipa. Azimio la Arusha la Februari 1967 na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi mwaka huo vilikuja miezi michache baadaye, vikisema waziwazi kwamba shule ya msingi lazima imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, kwa kuwa walio wengi hawatakwenda sekondari.

Lakini kwa kijana wa pembezoni mwa Dar es Salaam palikuwa na njia ya kati, nayo ilikuwa kiwanda. Barabara ya Pugu, inayoitwa sasa barabara ya Nyerere, ilipangwa kwa viwanda kuanzia mjini hadi karibu na Gongo la Mboto, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968 kilikuwa kielelezo cha zama hizo. Aliyemaliza darasa la saba aliweza kutumaini kazi ya zamu na kadi ya chama cha wafanyakazi. Matumaini yalikua haraka kuliko viwanda. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungua njia ya elimu ya msingi kwa wote, iliyofikiwa kwa sehemu kubwa mwaka 1977, na wahitimu wakaongezeka wakati bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin na upungufu wa fedha za kigeni vikivipunguzia viwanda malighafi na vipuri. Jibu la serikali lilifanana mno na la wakoloni: mwaka 1976 ilikuja operesheni ya kila mtu kufanya kazi, na mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi, ambayo kwayo waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa kulima. Miongoni mwa waliokumbwa walikuwemo wauza karanga, mafundi viatu na mama lishe, watu waliokuwa wanafanya kazi tangu alfajiri, na kuwaita wasio na kazi ilikuwa dhuluma ambayo haijakiriwa ipasavyo.

Katika miaka hiyo hiyo mshahara wenyewe ulikuwa unaporomoka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bei zilipanda kwa kasi ambayo mishahara haikuifikia, hadi malipo ya mwezi ya mtumishi wa kawaida yakawa yanatosha chakula cha nyumbani kwa siku chache tu. Familia ziliokolewa na kile kilichoitwa mradi, yaani shughuli ndogo ya kuingiza fedha iliyofanywa pembeni ya ajira: kufuga kuku wa mayai uani, kukaanga vitumbua na maandazi, kushona nguo, na zaidi ya yote kulima. Tangu mwaka 1974, serikali ilipohimiza kilimo cha kufa na kupona, wafanyakazi wa mjini walitafuta mashamba pembezoni, na mwisho wa juma ulikuwa wakati wa jembe. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi, hata mtumishi wa ngazi ya kati, kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, hivyo mapato ya pembeni mara nyingi yaliandikwa kwa jina la mke au hayakuandikwa kabisa, mpaka Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipoilegeza miiko hiyo.

Usiri huo ulikuwa na matokeo yaliyodumu. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya karani au ya mfanyakazi wa kiwandani alimwona baba akitoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, akasikia kwamba ada, sare na mchele vinatokana na kazi ya baba, na akaambiwa asome ili naye apate kazi kama hiyo. Hakuambiwa kwamba mihogo ya shambani na vitumbua vya mama ndivyo vilivyomlisha. Wazazi hawakukusudia kudanganya, walisema kile ambacho heshima iliruhusu kusemwa, lakini walirithisha nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ilikuwa ile iliyobeba mzigo mkubwa zaidi, ambayo kwa kawaida ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Kilichofuata kinajulikana. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kupunguzwa kwa watumishi wa umma na ubinafsishaji wa mashirika katika miaka ya 1990 vilivunja upande wa serikali wa yale mapatano, na kupangiwa kazi moja kwa moja kukakoma kuwa kawaida. Upande wa shule uliendelea kupanuka: shule za kata zilienea baada ya mwaka 2004, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka huo huo, na elimu bila ada ilianza Januari 2016. Mkopo wa chuo una mantiki inayostahili kuangaliwa, kwa sababu tangu marekebisho ya mwaka 2016 mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, maana yake sheria yenyewe bado inamfikiria mhitimu kama mtu wa mshahara. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596 ilipokea maombi zaidi ya 135,000.

Kwa kijana wa Chanika ushindani huo una umbo la bahasha ya kaki, yenye nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa mwanasheria, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo na barua ya serikali ya mtaa, ingawa siku hizi nyaraka hizo hupigwa picha na kutumwa kwa mtandao kutoka katika kibanda cha huduma za kompyuta. Anaposubiri majibu huenda akaendesha bodaboda ya mtu mwingine, akipeleka kila jioni hesabu, yaani kiasi kilichopangwa na mwenye chombo bila kujali siku ilikwendaje, au akaingia mkataba, ambao humfanya mmiliki baada ya kulipa kwa miezi mingi. Ni kazi halali, yenye jasho na hatari, lakini wengi wanaoifanya, wakiulizwa, hujibu kwamba bado hawajapata kazi.

Ushauri anaopewa kijana huyo, kwamba aache kusubiri ajira akalime, ni ule ule wa mwaka 1976 na 1983, ila mahali pamebadilika. Mradi wa serikali wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima Buyuni, jirani na Chanika, na baada yake mashamba ya mikorosho yaligawanywa na wenyewe kuwa viwanja vya ishirini kwa ishirini, vikauzwa kwa hati yenye mhuri wa serikali ya mtaa kwa watu wa mjini waliokimbia kodi za nyumba. Mabondeni hulimwa mchicha na matembele, mara nyingi kwa kukodi. Shamba lililofidia mshahara wa karani mwaka 1984 limekuwa nyumba za matofali. Programu ya serikali ya kuwaingiza vijana katika kilimo, iliyozinduliwa mwaka 2023 kwa jina la Jenga Kesho Iliyo Bora, ilianzia katika mashamba ya pamoja ya Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka Chanika, na wanaotaka kuingia hutuma maombi na kusubiri uteuzi. Kwa awamu ya kwanza waliomba zaidi ya 20,000, wakachaguliwa 812.