Shavu Ndilo Kipimo: Kimo cha Darubini ya Bunduki katika Mila Tatu

Anayenunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza huhangaika sana kuchagua lenzi na nguvu ya kukuza, kisha huchukua pete zozote za kuifungia zilizopo dukani. Matatizo huanzia hapo. Pete zikiwa fupi mno, lenzi ya mbele hugusa mtutu, au mkono wa bolti hugonga darubini kila anapopakia. Zikiwa ndefu mno, huinua kichwa kutafuta picha, na shavu lake huachana na kitako. Wazoefu wengi watamwambia afunge chini kadiri iwezekanavyo. Ushauri huo una kwao, na kwao ni Marekani. Ukienda Ujerumani, au ukichunguza bunduki za kivita, utakuta watu makini waliofunga juu kwa makusudi na bado wakapiga vizuri. Hoja yangu ni kwamba mila hizi zote zinabanwa na kipimo kimoja: mahali shavu linapotua kwenye kitako.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowatia watu hofu bure. Darubini hukaa juu ya mtutu, kwa hiyo mstari wa jicho na njia ya risasi huanza vikiwa vimeachana. Chukua bunduki iliyorekebishwa kupiga palepale inapolengwa kwa mita 100. Inua darubini yake kwa sentimita 2, kisha irekebishe tena kwa mita 100. Kwa mita 50, risasi itapiga sentimita 1 chini zaidi ya awali. Kwa mita 200, itapiga sentimita 2 juu zaidi. Basi. Tofauti hiyo haimkoseshi mwindaji swala.

Kwa uso wa mlengaji, hata hivyo, sentimita 2 hizohizo ni nyingi mno. Jicho lisipokuwa nyuma ya kitovu cha lenzi, kivuli cheusi kama mwezi mchanga hula ukingo wa picha. Kichwa kilichoinuliwa bila kuegemea popote huyumba, na jicho hukaa mahali tofauti kila mara. Hapo alama ya kulengea huweza kuonekana ikihama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Isitoshe, bunduki inapopiga teke, kitako kisichoshikwa na shavu hupanda na kuugonga uso.

Wajerumani na Waaustria walilijua hilo, lakini walikuwa na mambo mawili ya kulinda. La kwanza ni vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe. Mafundi wa Suhl, mji wa wahunzi wa bunduki huko Thüringen, walipata sifa kwa kishikizo cha kulabu: kulabu za mbele huingizwa kwenye matundu yake darubini ikiwa imeinama, kisha sehemu ya nyuma hukandamizwa hadi ijifunge. Darubini hutoka na kurudi bila bisibisi. Vishikizo vingi vya aina hiyo vilijengwa kwa kimo cha kutosha ili hata darubini ikiwa juu yake, mwindaji aweze kulenga kwa chuma akipitisha jicho chini yake.

La pili ni giza. Huko nguruwe mwitu huwindwa kwa mbalamwezi, mwindaji akiwa ameketi kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Darubini iliyozoeleka kwa kazi hiyo hukuza mara 8 na ina lenzi ya mbele ya milimita 56. Gawanya 56 kwa 8 upate milimita 7, takriban upana wa mboni ya kijana inapofunguka gizani. Lenzi ya upana huo, pamoja na gamba lake, inahitaji kitovu cha darubini kiwe karibu sentimita 3 au zaidi juu ya ngozi ya mtutu. Ukubwa wa lenzi umeshaamua kimo. Ndiyo maana kitako cha huko mara nyingi huwa na mgongo ulioumuka na egemeo la shavu lililochongwa wazi, ili uso ulifuate jicho juu.

Mmarekani aliijia kazi hiyohiyo kutoka upande mwingine. Aliwinda mchana, milimani na mbugani, kwa darubini nyembamba za kukuza mara mbili na nusu hadi nne. Mwaka 1930 Bill Weaver alianza kuuza darubini ya bei nafuu, na kifaa hicho cha matajiri kikawafikia wakulima. Vitako vya zamani vilikuwa vimeinama sana kwa sababu vilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma vilivyolala karibu na mtutu. Badala ya kuvizoea, mafundi walivinyoosha. Kifungo cha usalama cha bunduki ya Mauser 98, kinachosimama wima juu ya bolti na kuizuia darubini ya chini, kilibadilishwa kwa kile kinachosogea kwa ubavu. Mikono ya bolti ikainamishwa. Jack O'Connor, mwandishi wa jarida la Outdoor Life na mpenzi mkubwa wa risasi ya .270 Winchester, alikuwa miongoni mwa waliowazoesha wasomaji darubini ndogo iliyolala chini. Kanuni ya "funga chini" ilizaliwa ndani ya mfumo huo mzima wa lenzi ndogo na kitako kilichonyooka.

Mila ya tatu ni ya askari, na inaonyesha gharama ya kukisahau kitako. Mdunguaji wa Kisovieti wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipewa bunduki ya Mosin-Nagant yenye darubini ya PU, lakini kitako kilibaki kilekile cha vilengeo vya chuma, kwa hiyo aliegemeza kidevu mahali pa shavu. Waingereza walifanya vyema zaidi: Lee-Enfield No. 4 zilizobadilishwa na kampuni ya Holland & Holland ziliongezewa egemeo la mbao lililokazwa kwa skrubu juu ya kitako. Bunduki ya Garand ya Wamarekani hupakiwa kwa klipu ya risasi 8 kutoka juu, hivyo darubini yake ilisogezwa kushoto, na kitako kikavishwa mto wa ngozi. Mdunguaji Simo Häyhä wa Finland, katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 na 1940, alitumia vilengeo vya chuma, kwa kuwa darubini ingemlazimu kuinua kichwa zaidi mbele ya adui.

Kisha ikaja bunduki ya Eugene Stoner, AR-15. Kitako chake kimenyooka sambamba na mtutu ili teke lirudi moja kwa moja begani, kwa hiyo bega liko chini na jicho liko juu. Vilengeo vyake hukaa takriban sentimita 6.5 juu ya mtutu, na mtumiaji wake halalamiki, maana shingo yake imesimama wima. Kimo ambacho kingemtesa mwenye Mauser kinamfaa huyu kabisa.

Kwa hiyo yule anayemkabidhi mnunuzi mpya kanuni ya Kimarekani bila kuuliza lenzi yake ina upana gani na kitako chake kimechongwaje anamtendea isivyo haki. Mwindaji wa nyati Tanzania mwenye bunduki ya .375 H&H ana sababu nzuri ya kutaka kishikizo kinachofunguka haraka, kama cha Mjerumani, ili aingie kichakani na vilengeo vya chuma. Lakini lenzi ya milimita 56 haimsaidii chochote saa nne asubuhi.

Njia ya kupima ni rahisi. Hakikisha bunduki haina risasi. Fumba macho, iweke begani, laza shavu kama ulivyozoea, kisha fumbua. Ukiiona picha nzima bila kivuli, kimo ni sahihi, hata kama jirani yako amefunga chini zaidi. Ukilazimika kuinua kichwa, shusha pete ikiwa lenzi na bolti vinaruhusu. Visiporuhusu, inua mgongo wa kitako. Lenzi na bolti ndizo zinazoweka mpaka wa chini. Ndani ya mpaka huo, shavu ndilo liamue.