Serkali na Magazeti: Mambo ya Hamburg, 1962

Ijumaa tarehe 26 Oktoba 1962, usiku, polisi waliingia katika nyumba ya gazeti Der Spiegel, katika muji wa Hamburg, Ujerumani ya Magaribi. Walifunga vyumba, wakapekua karatasi, na kwa muda wa karibu mwezi mumoja waandikaji hawakuweza kutumika kwao. Kesho yake mwenye gazeti, Rudolf Augstein, alijipeleka mwenyewe kwa polisi. Alikaa kifungoni siku 103. Mwenzake Conrad Ahlers, aliyekuwa akipumzika huko Hispania, alikamatwa kulekule. Walishitakiwa kusaliti inchi, kwani namba ya tarehe 10 Oktoba ilieleza kwamba katika mazoezi ya NATO jeshi la Ujerumani lilionekana kuwa tayari nusunusu tu kwa kukinga inchi.

Tunapenda kuyatazama mambo haya kwa njia ya fundisho la Niklas Luhmann, Mujerumani aliyezaliwa mwaka wa 1927 na kufa mwaka wa 1998. Alijifunza sheria, akatumika katika ofisi za serkali mbele ya kuwa profesa kule Bielefeld. Alizijua basi ofisi hizo toka ndani. Vitabu vyake ni vigumu, tusifichane, lakini kiini kinashikika. Anasema: jamii ya siku zetu si kama jamaa yenye baba mumoja anayeamuru wote. Imegawanyika katika mifumo mingi, sheria, politiki, biashara, habari, na kila mufumo una ulizo lake. Sheria inauliza: neno hili ni halali ao si halali? Politiki inauliza: nani anashika mamlaka, nani anayakosa? Magazeti yanauliza: neno hili ni habari, ao linajulikana tayari? Mufumo mumoja hauwezi kujibu ulizo la mwenzake. Unaweza kuusumbua na kuuzuia, lakini ule mwingine utaupokea usumbufu kwa lugha yake wenyewe.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kuona serkali isiyotaka kusikia mipaka hiyo. Kwa sheria ya tarehe 4 Oktoba 1933, hakuna mutu aliyeweza kuandika gazetini pasipo jina lake kuingizwa katika orodha iliyokubaliwa, na ministri Goebbels alitawala kazi yote. Luhmann angesema kwamba pale ulizo la magazeti lilimezwa na ulizo la politiki. Sisi tungesema kwa urahisi zaidi: gazeti linaloambiwa kila siku neno la kuandika si gazeti tena, ni tangazo. Nyuma ya vita, washindi waligawa ruhusa za kuchapa. Der Spiegel lenyewe lilianza mwezi wa Januari 1947 kwa ruhusa ya Waingereza, Augstein akiwa na miaka 23. Kumbe gazeti lililokuja kuwasumbua wakubwa lilizaliwa kwa karatasi ya wakubwa! Katiba ya 1949 ikakataza, katika kifungu cha 5, kukagua maandiko mbele ya kuchapwa. Na tarehe 28 Februari 1961 Baraza la Katiba lilizuia mupango wa Adenauer, mukubwa wa serkali, wa kuanzisha televisioni chini ya mukono wa serkali kuu.

Mwaka uliofuata, basi, serkali ilijaribu kwa mulango mwingine. Haikusema tena: andikeni hivi. Ilisema: mumevunja sheria. Na hapa fundisho la Luhmann linaonyesha nguvu yake. Kwa polisi, kufunga vyumba ilikuwa kazi ya kutafuta ushuhuda. Kwa magazeti, kufunga vyumba kulikuwa habari, tena habari kubwa kupita ile ya jeshi. Magazeti mengine ya Hamburg yaliwapa wenzao fasi ya kutumikia; wanafunzi waliandamana. Mukono uliotaka kunyamazisha ulijigeuza wenyewe kuwa neno la kuandika. Kwa politiki, ulizo likawa: nani atabaki kitini? Ministri wa haki alikuwa hakujulishwa mambo hayo. Tarehe 19 Novemba maministri watano wa chama chake waliondoka, na Strauss, ministri wa jeshi, akapoteza kazi.

Lakini hatukubali kwamba mifumo inaeleza yote. Strauss alikana kwanza mbele ya Bunge kwamba alihusika. Halafu ikajulikana kwamba yeye mwenyewe alipiga simu kule Madrid kusudi Ahlers akamatwe. Uongo huo ulisemwa na mutu, si na mufumo. Katika kurasa za Luhmann mutu anakaa kando, kama mugeni mulangoni. Habermas alibishana naye sana katika kitabu walichotoa pamoja mwaka wa 1971.

Sheria ilitembea polepole, kwa mwendo wake. Haikuuliza kama jeshi lilikuwa zaifu, wala kama wasomaji walipendezwa. Iliuliza: palikuwa na siri, na waandikaji walijua kwamba ni siri? Washitaki walitegemea wazo moja la ajabu: kwamba vipande vinavyojulikana na wote, vikikusanywa pamoja, vinaweza kuwa siri ya serkali. Kwa wazo hilo, kazi yenyewe ya mwandikaji, kukusanya na kulinganisha, inaweza kuwa kosa. Mwezi wa Mei 1965 tribinali kuu ilikataa kuwahukumu Augstein na Ahlers, kwa sababu ushuhuda haukutosha. Mwezi wa Agosti 1966 waamuzi wanane wa Baraza la Katiba waligawanyika, wanne kwa wanne, na hivi mashitaka ya Der Spiegel juu ya kupekuliwa hayakupita; lakini wote walishikilia kwamba demokrasia haiwezi kukosa magazeti huru. Mwaka wa 1968 Bunge lilitengeneza upya sheria ya kusaliti inchi: tangu hapo siri ya serkali ni lile tu linalojulikana na watu wachache, na vipande vilivyookotwa barabarani havihesabiwi tena.