Kutoka Daftari la Duka hadi Alama za Mkopaji: Kumbukumbu ya Deni nchini Kenya, 2009–2020

Insha hii inahoji dhana kwamba alama za mkopaji ni kipimo tu cha uwezo wa mtu kulipa. Hoja inayojengwa ni kwamba nchini Kenya alama hizo zilizaliwa ndani ya orodha ya walioshindwa kulipa, na asili hiyo haijafutika.

Awali, mkopo mdogo ulikaa katika daftari la mwenye duka. Aliyeandika alimjua aliyeandikwa. Alijua pia iwapo mshahara umechelewa au kuna matanga nyumbani. Benki, kwa upande wake, ilidai dhamana, hasa hatimiliki ya ardhi, na wasio nayo wakabaki nje.

Kanuni za mashirika ya taarifa za mikopo, maarufu kama CRB, zilianza kutumika Februari 2009. Zilizitaka benki kutoa taarifa za mikopo chechefu. Taarifa za waliolipa vizuri zilikuja kujumuishwa na kanuni za 2013. Kufikia wakati huo lugha ya mitaani ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: kupelekwa CRB kulimaanisha kuadhibiwa.

M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012. Mkopaji hakuulizwa hati ya shamba. Historia yake ya kutumia simu na M-Pesa ilitosha kumkadiria kiwango, kwa ada ya asilimia 7.5 na muda wa siku 30. Mfumo huu uliwafungulia wengi mlango, na si haki kuubeza. Hata hivyo, mlango huohuo uliwaingiza katika orodha watu waliodaiwa pesa za mboga. Aliyeshindwa kulipa shilingi 500 alibeba doa la aina moja na aliyeangusha mkopo wa milioni. Baadhi ya waajiri nao walidai cheti cha CRB kutoka kwa waombaji kazi. Hivyo mdaiwa alizuiwa kuupata mshahara ambao ungelilipa deni lenyewe. Hapa, kwa maoni ya mwandishi, ndipo kipimo kilipogeuka adhabu.

Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilizuia kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000, ikawaondoa katika mfumo wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa, na ikaagiza cheti cha kwanza kitolewe bila malipo. Cheti chenyewe hakikufutwa.