Nani Alimdhamini Mgonjwa?

Katikati ya karne ya 19 mji wa Birmingham ulijenga huko Winson Green, ukingoni mwa mji wa wakati ule, nyumba tatu karibu karibu: gereza lililofunguliwa mwaka 1849, hospitali ya wendawazimu mwaka 1850, na nyumba ya maskini mwaka 1852. Gereza na hospitali zilichorwa na msanifu mmoja, D. R. Hill. Mhalifu alikuwa na mlango wake, mgonjwa wake, fukara wake. Ila mtu aliyemuua mzazi, mke au mtoto wake wazimu ulipompanda hakuwa na mlango wazi pale, kwa kuwa alikuwa mwenye kutenda na mwenye kuugua kwa wakati mmoja. Tumezoea kulijadili jambo hili tukimkodolea macho yeye peke yake: tumhurumie au tumlaumu? Naamini swali hilo ni finyu. Historia, ikiwemo ya mji huu, inaonyesha kwamba lawama hufuata dhamana, na anayepaswa kujibu ni yule aliyejitwalia ulinzi wa mgonjwa.

Kisa ninachokiona kuwa kipimo kilitokea London, tarehe 22 Septemba 1796. Mary Lamb, mshonaji wa miaka 31 aliyechoshwa na kazi na uuguzi wa wazazi, alimchoma mama yake kisu cha mezani akamuua, na baba akajeruhiwa kichwani. Uchunguzi wa kifo uliamua kwamba alikuwa mwendawazimu. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyosema mtu wa namna hiyo awekwe wapi. Kaka mkubwa alitaka apelekwe Bethlem, hospitali ya umma ya wendawazimu. Mdogo wao Charles, kijana wa miaka 21, alikataa, akaahidi kumtunza maisha yake yote. Waliishi pamoja mpaka Charles alipofariki mwaka 1834, na katikati ya miaka hiyo wakaandika kitabu cha watoto cha hadithi za Shakespeare. Mary alipohisi ugonjwa unarudi, alisema, na ndugu hao wawili walikwenda kwa miguu hadi hospitali ya Hoxton, wamebeba koti la kumfungia mikono. Aliyewahi kukutana nao njiani, wote wawili wakilia, alikuwa rafiki yao Charles Lloyd, mtoto wa ukoo wa Birmingham wa madhehebu ya Wakweka (Quakers) ulioanzisha benki inayoitwa hadi leo kwa jina lao. Lloyd mwenyewe aliugua akili baadaye. Huruma ya Charles Lamb haikuwa ya kusema yaliyopita yamepita. Alijua fika mkono uliomuua mama yao ni wa nani, ndiyo maana alilibeba lile koti.

Miaka minne baada ya mauaji hayo dola iliichukua dhamana hiyo mikononi mwa jamaa. Mei 1800 James Hadfield, askari aliyejeruhiwa vibaya kichwani vitani, alimfyatulia risasi Mfalme George III katika ukumbi wa maonyesho wa Drury Lane, London. Wakili wake Thomas Erskine akathibitisha wazimu, na Bunge likapitisha upesi sheria ya kumweka ndani anayeachiwa kwa sababu hiyo kwa muda autakao mfalme. Chini ya sheria hiyo alishikwa Edward Oxford, mzaliwa wa Birmingham, ambaye Juni 1840, akiwa na miaka 18, alimfyatulia Malkia Victoria bastola mbili bila kumpata. Shahidi aliyekuwa na uzito ni mama yake. Ili kumwokoa mwanawe na kifo ilimbidi amwage hadharani siri za ndoa yake: mume aliyechoma noti za benki mbele yake alipokataa kuolewa, aliyempiga, aliyemkunjia uso kama nyani akiwa mjamzito. Mambo ambayo mama angeyafukia kaburini pamoja na mumewe yakaandikwa na karani na kusomwa na taifa zima. Hivyo ndivyo familia ilivyobaki na aibu hata baada ya dola kuchukua funguo.

Malkia hakuridhika. Mwaka 1882 Roderick Maclean naye alipomfyatulia risasi kisha akaonekana hana hatia kwa ajili ya wazimu, Victoria alidai hukumu ya namna hiyo haimtishi mtu. Mwaka 1883 sheria ikabadilishwa, hukumu ikawa ya kutia hatiani pamoja na kukiri kwamba mtu alikuwa mwendawazimu. Hoja yake bado inasikika: ukiwahurumia hawa, kila muuaji atajifanya kichaa. Lakini tazama kilichowapata watu waliomshambulia yeye mwenyewe. Robert Pate, aliyempiga malkia kwa bakora mwaka 1850 na kuhesabiwa mwenye akili timamu, alihukumiwa miaka 7 uhamishoni. Oxford, asiyekuwa na hatia, alikaa ndani miaka 27, Bethlem kisha hospitali ya Broadmoor, akijifunza lugha na uchoraji, mpaka mwaka 1867 aliporuhusiwa kwenda Australia kwa sharti asirudi. Huo si mlango wa kupenyea mjanja. Hata hivyo hukumu ya 1883 ilivuka bahari na maafisa wa kikoloni. Uingereza iliiacha mwaka 1964, na Tanzania katika sheria yake ya mashauri ya jinai ya mwaka 1985 inamwona mtu wa namna hiyo alitenda ila hana hatia, ilhali kifungu cha 166 cha sheria ya mashauri ya jinai ya Kenya kilirithi maneno yaliyomridhisha Victoria.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa waliokufa. Nani atawasemea, ikiwa machozi yote yanamwendea aliyewaua? Silipuuzi hata kidogo. Aliyeuawa ana haki itamkwe wazi kwamba alitolewa uhai, na nani alimtoa. Lakini damu inapomwagika nyumbani, wafiwa na jamaa wa muuaji ni watu walewale. Anayemzika mama ndiye dada au kaka wa aliyemuua, na ukimwambia achague upande unamfanyia ukatili wa pili. Sheria ya Uingereza ililitambua hilo polepole: mwaka 1922 kwa akina mama wanaoua vichanga vyao akili ikiwa haijatulia baada ya kujifungua, na mwaka 1957 kwa kuruhusu kosa la kuua kwa kukusudia lishushwe pale akili inapokuwa imedhoofika. Wengine husema ni mkono wa kurogwa au ni majaaliwa, na maneno hayo huwafariji wengi kwetu. Mimi nayaogopa, kwa kuwa yakishasemwa hakuna tena anayeulizwa nani alijua, lini, na alifanya nini.

Na hilo ndilo swali la Birmingham ya sasa. Tarehe 7 Machi 2013 msichana wa miaka 16 aliuawa kwa kisu ndani ya basi namba 9 akielekea shule. Aliyemuua hakumjua. Alikuwa na skizofrenia, na kabla ya hapo aliwahi kutiwa hatiani kwa kumtishia kwa kisu mama yake mwenyewe. Alitoka gerezani miezi michache kabla ya tukio bila mtu wa kumfuatilia. Mauti yaliyobisha hodi kwanza nyumbani kwake yaliishia nyumbani kwa wengine. Mahakama ilikubali kwamba akili yake ilikuwa imedhoofika ikampeleka hospitali, na ripoti huru ya mwaka 2014 ikahitimisha kwamba kifo kile kingeweza kuzuilika kama ugonjwa wake ungetibiwa. Wapo watakaosema tunawaonea wauguzi na askari magereza, wachache wenye wagonjwa wengi, na kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu yeyote. Ni kweli yote mawili. Ila mama anayetishiwa kwa kisu na mwanawe hana mamlaka ya kumlaza hospitali wala ya kumzuia asitolewe gerezani. Mamlaka hayo dola iliyachukua mwaka 1800, na tangu hapo imeyashika kwa sheria, kwa kodi na kwa kufuli. Mlinzi mmoja mmoja akiwa amelemewa, swali linapanda hadi kwa waliopanga bajeti na waliosaini karatasi ya kumtoa, na huko ndiko jamaa wa pande zote mbili wana haki ya kulipeleka.