Waliokusanyika kwa Ajili ya Mti: Urithi wa Guru Jambheshwar

Katika chapisho la namna hii ni desturi kuwakumbuka waasisi waliochanga fedha na kuinua kuta. Wenzangu wameifanya kazi hiyo vyema katika kurasa nyingine. Mimi naomba ruhusa nisimulie habari za mwalimu mmoja wa dini aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita pembezoni mwa jangwa la Thar, kaskazini ya Gujarat ya wazee wetu, na za watu wanaokusanyika hata leo kuyatafakari mafundisho yake. Sababu ya kuchagua habari hizo itadhihirika mwishoni.

Guru Jambheshwar, ambaye wafuasi wake humwita kwa upendo Jambhoji, alizaliwa mwaka 1451 katika kijiji cha Pipasar, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Nagaur katika jimbo la Rajasthan. Ujana wake wote aliutumia kuchunga ng'ombe. Mapokeo yanasimulia kwamba ulitokea ukame mkali. Watu walikata miti kuilisha mifugo majani, kisha wakawinda swala hadi wakaisha, na mwisho, jangwa lilipobaki tupu, wakafunga mizigo wakahama. Mchungaji yule aliyaona hayo kwa macho yake, akaelewa kwamba ukame ulianza kwa mvua kukosekana, lakini maangamizi yalikamilishwa na shoka.

Mwaka 1485, juu ya kilima cha mchanga kiitwacho Samrathal, karibu na mji wa Nokha, aliwakusanya watu wa matabaka mbalimbali akawapa kanuni 29. Kwa lugha ya huko ishirini ni bis na tisa ni nau, na wengi husema kwamba ndipo lilipotoka jina la jamii ya Bishnoi. Kanuni zenyewe ni za maisha ya kila siku: kuoga alfajiri, kusema kweli, kusamehe, kujiepusha na ulevi na nyama, kuchuja maji kabla ya kunywa, kukung'uta kuni ili wadudu wasiungue motoni, kuvihurumia viumbe vyote vyenye uhai, na kutokata mti mbichi. Ningependa msomaji aone jinsi zilivyopangwa. Jambhoji hakuweka sheria za ibada upande mmoja na sheria za mazingira upande mwingine. Kuuacha mti usimame kulihesabiwa sawa na kuoga na kusema kweli.

Mti uliopendwa kuliko yote katika nchi ile ni khejri. Sisi wenye asili ya Gujarat twaujua kwa jina la khijdo au shami. Ndio mti ambao, kwa masimulizi ya Mahabharata, Pandava walificha silaha zao kabla ya kuingia mji wa Virata, na ndiyo sababu huheshimiwa siku ya Dashera. Majani yake hulisha ngamia na mbuzi, na maganda ya mbegu zake hupikwa mboga. Katika njaa ya mwaka 1868 na 1869, wenyeji wa Rajputana walisaga hata magome yake wakachanganya na unga ili wapate kuishi. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo cha maeneo makame, iliyoanzishwa Jodhpur mwaka 1959, wameuchunguza mti huu kwa miaka mingi. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, tena huirutubisha ardhi kwa naitrojeni, na udongo ulio chini ya kivuli chake huwa na rutuba kuliko ule wa mbali nao. Mkulima wa jangwani hupanda mtama wake hadi shinani mwa khejri bila hofu. Hivyo maabara ilikuja kuthibitisha yale ambayo mchungaji aliyaamuru.

Kanuni hiyo ilijaribiwa kwa damu mwaka 1730. Maharaja Abhay Singh wa Marwar alitaka kujenga kasri jipya, na kwa ajili ya ujenzi ilihitajika chokaa. Majirani zetu wa pwani hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili, kwani wameyaona matanuru: magogo hupangwa, mawe ya matumbawe hurundikwa juu yake, kisha moto huwashwa na miti mingi huteketea kwa mkupuo mmoja. Watumishi wa mfalme walipelekwa Khejarli, kijiji cha Wabishnoi kusini mashariki ya Jodhpur, ambako khejri zilikuwa bado zimesimama. Mama mmoja, Amrita Devi, aliukumbatia mti uliotaka kukatwa, akatamka kwamba kutoa kichwa ili mti uokoke ni biashara yenye faida. Shoka likapita mwilini mwake. Binti zake watatu, Asu, Ratni na Bhagu, wakafuata. Habari zilipoenea, watu walimiminika kutoka vijiji vya jirani, kila mmoja akikumbatia mti wake. Hadi kazi iliposimamishwa walikuwa wameuawa watu 363. Mfalme alijuta, akatoa amri iliyochorwa kwenye bamba la shaba kwamba katika vijiji vya Wabishnoi pasikatwe mti mbichi wala pasiwindwe mnyama.

Sasa nije kwenye mikusanyiko yenyewe. Mikubwa zaidi hufanyika Mukam, mahali lilipo kaburi la Jambhoji, aliyeaga dunia mwaka 1536. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, katika giza la mwezi: wa kwanza mara tu baada ya Mahashivratri, na wa pili kabla ya Navratri. Mahujaji humimina samli katika moto wa havan, husikiliza mashairi ya mwalimu wao, na huwamwagia ndege na wanyama nafaka. Kisha hupanda kilima cha Samrathal wakiwa wamebeba udongo waliouchimba chini bondeni. Desturi hiyo mgeni huiona kama ishara tu, lakini bonde likichimbwa kila mwaka hukusanya maji ya mvua. Siku hizi vijana wa kujitolea hupita katikati ya umati wakiwasihi watu waache mifuko ya plastiki. Mkusanyiko mwingine hufanyika Khejarli kwenyewe, siku ya kumi ya nusu angavu ya mwezi wa Bhadarvo, ambapo wanawake waliovalia nguo nyekundu na dhahabu huja kuwakumbuka wale 363. Serikali ya India nayo imeitenga tarehe 11 Septemba kuwa siku ya kuwakumbuka mashahidi wa misitu.

Huenda mtu akauliza, hayo yatuhusu nini sisi tuliovuka bahari? Wazee wetu walikuwa na neno moja walilolitamka kwa sauti ya chini: chhapaniyo, yaani ya hamsini na sita. Ni njaa kubwa ya mwaka 1956 wa kalenda ya Vikram, sawa na 1899 hadi 1900, iliyoipiga Gujarat, Kathiawar na Rajasthan, ikaua watu na ng'ombe wasiohesabika. Miongoni mwa waliopanda majahazi na meli kuja pwani hii miaka ile, wengi walikuwa wakiikimbia ardhi iliyokauka. Basi kisa cha watu waliofunga mizigo kwa sababu nchi imekuwa tupu ni kisa chetu pia.

Lakini mapenzi ya miti nayo yataka elimu. Mti mmoja wa jamaa ya khejri, wenye asili ya Amerika, ulipandwa huko Banni, Kutch, katika miaka ya 1960 ili kulizuia jangwa la chumvi. Ulienea mpaka ukameza malisho, na wenyeji wakauita gando baval, yaani baval kichaa. Hapa Kenya twaujua kwa jina la mathenge. Uliletwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema, nao ukaziba njia na malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, hata wenyeji wakafika mahakamani na mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Jambhoji hakusisitiza kwanza kupanda. Alisisitiza kutoukata mti uliokwisha kuizoea ardhi yake. Wazee wa Kimijikenda, ambao misitu yao ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, wameishika hekima hiyo hiyo kwa karne nyingi, nao hawakuipata Rajasthan. Aliyeziba ufa hajengi ukuta.

Nimefika kwenye sababu niliyoiahidi. Katika mipango ya jubilei hii tumekubaliana kujenga ukumbi mpya, na mwarobaini ulio karibu na lango umekwisha kupakwa alama ya rangi nyeupe. Nakiri kwamba kura ilipopigwa, mimi nami nilinyoosha mkono. Nimeuza chokaa na saruji kwa zaidi ya miaka 30, na mazoea hayo humfunza mtu kuutazama mti kama kizuizi cha msingi. Baadaye, nilipoketi kuandika habari za Khejarli na kufika kwenye neno chokaa, kalamu ilinigomea.

Chini ya mwarobaini ule wamepumzika wapagazi, madereva wa bodaboda na mama muuza mihogo. Wenye homa wameomba majani yake bila kuulizwa dini yao. Katika miaka yote ya hekalu letu, huo ndio ukumbi wa pekee ambao jirani huingia bila mwaliko. Hakuna anayetudai vichwa, wala mfalme hajatuma watu wenye shoka. Tunadaiwa hatua nane tu za kuusogeza ukuta upande wa mashariki, na gharama ya kuchora ramani upya nipo tayari kuibeba.

Naiomba kamati yetu tukufu ilirudishe jambo hili mezani kabla mafundi hawajaanza kuchimba. Na likikubaliwa, mkutano wetu mkuu ujao tuufanyie pale kivulini, majirani wakiwemo.

Jai Shri Krishna.